Mradi huchelewa kabla greda halijafika saiti: uzi wa wanaosimamia na wanaosubiri miundombinu ya umma

Pimamaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Nimesimamia barabara, madaraja madogo na miradi ya maji kwa miaka 17. Muda mwingi nimekuwa upande wa mhandisi mshauri, na miaka 4 nilikuwa kwa mkandarasi. Mradi ukikwama, lawama ya kwanza humwangukia mkandarasi: hana mitambo, hana mtaji, kala hela. Mara nyingine ni kweli kabisa, na mimi mwenyewe nimeshaandika barua za kumvunjia mtu mkataba. Ila nikihesabu siku zilizopotea katika miradi niliyopitia, nyingi zilipotelea mezani kwa mwenye mradi, na zilianza kupotea kabla mtambo wowote haujashushwa saiti. Hilo ndilo nataka tulijadili.

Nianze na usanifu. Kuna barabara ya kilomita 12 niliyopelekwa nikakuta usanifu wake umetegemea mashimo 3 tu ya kupima udongo. Fedha za uchunguzi zilikatwa ili mradi uonekane nafuu na upite kwenye bajeti ya mwaka ule. Tulipofika kilomita ya 7 tukakutana na udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa urefu wa kilomita 1.8. Udongo huo huwezi kujenga juu yake hivi hivi. Ama unauondoa na kujaza kifusi kizuri, ama unauchanganya na chokaa, ama unaufunika kwa tuta nene, na yote hayo hayakuwa kwenye mkataba. Ombi la mabadiliko ya kazi likazunguka ofisini miezi 7. Mvua zikatukuta tumeshakata. Kipande kile kikawa bwawa, na tuliporudi tulilipia kuchimba mara ya pili mahali tulipokwisha kulipia kuchimba mara ya kwanza. Mashimo mengine 20 ya majaribio yangekuwa gharama ndogo sana mbele ya hasara ile.

Tusidhani ni udhaifu wa nchi zetu peke yake. Mwaka 2002 Bent Flyvbjerg wa Denmark na wenzake walichapisha uchambuzi wa miradi 258 ya usafiri kutoka mabara 5. Reli zilizidi makadirio kwa wastani wa asilimia 45, madaraja na mahandaki asilimia 34, barabara asilimia 20. Kilichonigusa zaidi si hizo asilimia. Waligundua kwamba katika kipindi cha miaka 70 makosa hayo hayakupungua. Kosa la bahati mbaya lingekwenda pande zote mbili, leo juu, kesho chini. Hili linaegemea upande mmoja muongo baada ya muongo, maana yake kuna watu wananufaika makadirio yakiwa madogo. Mradi unaoonekana nafuu ndio unaopitishwa.

La pili ni ardhi. Mkataba wowote wa maana unamtaka mwenye mradi amkabidhi mkandarasi eneo la kazi. Kwetu anakabidhiwa vipande. Kilomita 2 ziko wazi, inayofuata ina nyumba ambazo hazijalipwa fidia, mbele kuna nguzo za umeme, kisha bomba kuu la maji ambalo hakuna ramani inayoonyesha linapita wapi. Mitambo inarukaruka. Kila ikiruka kuna gharama ya kuihamisha, na kila kipande kilichofungwa ni haki ya mkandarasi kudai muda na fedha.

La tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni malipo. Miradi mingi mikubwa hutumia mikataba ya FIDIC, shirikisho la wahandisi washauri lililoanzishwa 1913. Katika toleo la 1999 la kitabu chao chekundu utaratibu uko wazi. Mkandarasi analeta hesabu ya kazi aliyofanya, mhandisi ana siku 28 za kuipitia na kutoa hati ya malipo, na mwenye mradi anatakiwa awe amelipa ndani ya siku 56 tangu mhandisi apokee hesabu ile. Akichelewa, riba inaanza kuhesabika: asilimia 3 juu ya kiwango cha benki kuu, na inajumlishwa kila mwezi. Mkandarasi akitoa taarifa ya siku 21 anaruhusiwa kupunguza kasi au kusimamisha kazi kabisa.

Hayo ni maandishi. Nimeshuhudia hati zikikaa zaidi ya siku 200. Mkandarasi anayesubiri siku 200 hafungi saiti siku moja. Kwanza anaacha kununua vipuri. Kisha dizeli inakuja nusu. Mafundi wazuri wanaondoka, maana fundi mzuri hakosi kazi kwingine. Mitambo ya kukodi inarudi kwa wenyewe. Ukija kumlipa mwezi wa 8 huwezi kusema kazi iendelee kesho, kwa sababu kuikusanya saiti upya kunachukua miezi 2 mingine, na kufikia hapo mvua zimeshaanza. Mwananchi anayepita anaona greda limesimama na anasema mkandarasi mzembe.

Nakaribisha maoni, hasa ya wanaopinga.

---

Mzabuni

Mkuu Pimamaji, umesema yaliyo moyoni mwetu. Mimi ni mkandarasi mdogo, kazi zangu ni mitaro, makalavati na barabara za changarawe.

Niongeze upande wa benki ambao watu wa ofisini hawauoni. Kabla sijashika koleo nimeshaweka dhamana ya utekelezaji wa kazi, mara nyingi asilimia 10 ya mkataba. Nikichukua malipo ya awali naweka dhamana nyingine ya kiasi hicho hicho. Benki haitoi dhamana bure, inashikilia hati ya nyumba yangu. Kila hati ya malipo inakatwa fedha za zuio, ambazo nusu yake narudishiwa kazi ikipokelewa na nusu baada ya kipindi cha matazamio kuisha, mwaka mzima baadaye. Kwa hiyo ninapomaliza kazi vizuri kabisa, faida yangu yote bado iko mikononi mwa mwenye mradi.

Halafu hati yangu moja ikichelewa miezi 6, nakopa ili nilipe vibarua. Riba ya mkopo haimo kwenye mkataba. Ile riba ya kucheleweshewa ambayo mkataba unanipa sijawahi kuidai hata mara moja, kwa sababu ukiidai hupati kazi nyingine. Badala yake zabuni inayofuata naandika bei ya juu. Nasema ukweli wangu: sehemu ya bei ninayoandika ni gharama ya kusubiri. Mlipakodi analipa riba ile ile, ila haioni kwa sababu imefichwa ndani ya bei ya zege.

---

Ukingoni

Mimi si mtaalamu, ni mama ninayeishi kando ya barabara inayotarajiwa kupanuliwa. Nyumba yangu imewekwa alama nyekundu miaka 5 sasa. Tuliambiwa tusiendeleze chochote. Paa linavuja na sithubutu kulibadilisha, kwa kuwa walisema kitakachoongezwa baada ya tathmini hakitalipwa. Mpangaji aliondoka, hakuna mwingine anayekubali kuingia. Ninaposoma kwamba ardhi inachelewesha mradi, naomba mjue na sisi tumecheleweshwa.

---

Pimamaji

Mama Ukingoni, pole sana. Nashukuru umeandika, maana kwenye taarifa zetu za mwezi watu kama wewe mnaandikwa kwa neno moja tu, "vikwazo".

Kanuni njema ipo. Katika miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia, chini ya mfumo wa mazingira na jamii ulioanza kutumika 2018, mtu anatakiwa alipwe kabla ya kuhamishwa, na alipwe thamani itakayomwezesha kupata mali ya namna ile ile, bila kukata uchakavu wa nyumba. Shida inakuja tathmini ikifanyika mwaka huu na fedha zikatoka mwaka wa 4. Bei za vifaa zimepanda, ukoo umeongezeka, na wanaodai kwa haki wanaonekana wakorofi. Hapo tathmini inatakiwa kurudiwa, na kila inaporudiwa ofisi fulani inaona ni heri isubiri bajeti ijayo.

Msimamo wangu, na najua wakubwa hawaupendi: zabuni ya ujenzi isitangazwe mpaka fidia ya angalau sehemu kubwa ya njia iwe imelipwa na eneo liko wazi. Kusaini mkataba wa ujenzi juu ya ardhi isiyo yako ni kununua madai.

---

Timazi

Naomba kupinga. Nilikuwa mkaguzi wa kazi za umma hadi nilipostaafu, na nikisoma uzi huu naona mkandarasi anavishwa kanzu nyeupe. Wizi upo, na hauko mezani peke yake, uko ndani ya barabara. Tabaka lililosanifiwa milimita 150 unakuta 120. Saruji mifuko 7 inaandikwa, inaingia 5. Nondo za milimita 16 zinageuka 12 mahali ambapo hakuna atakayechungulia.

Kuna utafiti ninaoukumbuka kila siku. Benjamin Olken alifuatilia barabara za vijijini Indonesia, zaidi ya vijiji 600, matokeo yakachapishwa 2007. Yeye hakutegemea kuuliza watu maoni yao. Alituma wahandisi wakachimba sampuli za barabara zenyewe, wakapima kilichomo, wakalinganisha na kilichoandikwa kwenye vitabu. Vijiji vilivyoambiwa kwamba ukaguzi utafika bila shaka yoyote, badala ya uwezekano wa asilimia 4 uliozoeleka, upotevu wa fedha ulipungua kwa pointi 8 za asilimia. Kuwaalika wananchi kwenye mikutano ya kusimamia mradi kulikuwa na matokeo madogo kwa wastani. Kilichofanya kazi ni mtu mwenye kipimo mkononi ambaye wanajua lazima atakuja.

Kwa hiyo mezani sawa, lakini tusiwaache wa saiti.

---

Pimamaji

Mzee Timazi, nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani, na nakushukuru kwa mfano huo. Tabaka lililoibwa haliishii kwenye milimita.

Kati ya 1958 na 1960 Wamarekani walijenga barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, wakapitisha malori yaliyopimwa usiku na mchana. Wakaona madhara ya ekseli kwa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli ikibeba uzito mara mbili, madhara ni mara 16 hivi. Ikizidisha asilimia 20 tu, madhara yanazidi mara mbili. Sasa weka pamoja tabaka jembamba na malori yanayozidisha uzito ambayo mizani inayaachia. Barabara ya miaka 20 inakufa kabla kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, hakijaisha, na hapo hakuna anayeweza kuthibitisha kama aliyeiua ni mkandarasi au ni lori. Kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole na kesi inaishia hivyo.

Tofauti yangu nawe ni moja. Mhandisi wa saiti anayesimamia mkandarasi asiyelipwa hana nguvu. Nitamwambiaje abomoe tabaka alilolishindilia vibaya wakati bado anadai malipo ya hati 3? Ananitazama tu. Nimewahi kukataa kipande cha mita 400 kwa sababu mshindilio ulikuwa asilimia 89 na vipimo vinataka 95. Mkandarasi akasema, "Mhandisi, nilipie kwanza dizeli ya kukitengeneza." Alikuwa na makosa kwenye udongo, ila kwenye hoja ya dizeli sikuwa na la kumjibu. Malipo ya wakati ndiyo yanayompa mkaguzi mdomo.

---

Karani wa Hati

Nafanya kazi ya manunuzi ya umma. Nitasema yangu bila kutaja ofisi.

Wengi huilaumu sheria ya manunuzi, kwamba inalazimisha kazi apewe mwenye bei ya chini. Sheria nyingi hazisemi bei ya chini, zinasema bei ya chini iliyotathminiwa kwa mzabuni anayekidhi vigezo. Tatizo ni kwamba kumkataa mwenye bei ya chini kunahitaji kuandika sababu utakazozitetea mbele ya wakaguzi na mamlaka ya rufaa, na kumpa hakuhitaji chochote. Ofisa mwenye watoto shule atachagua lipi? Kwa hiyo anapita mtu ambaye bei yake haiwezi kununua hata lami peke yake. Huyo anakuja na mpango mmoja: kudai.

Tena jifunzeni kuisoma BOQ ya mzabuni, yaani orodha ya kazi, kiasi na bei zake, kabla ya kutazama jumla. Kuna wanaopandisha bei za kazi za mwanzo, kusafisha njia, kujenga kambi, kuchimba, na kushusha bei za kazi za mwisho kama alama za barabarani na mitaro. Jumla inabaki ya chini. Mkataba ukianza anakusanya fedha nyingi haraka, na ikifika mitaro kila mita anayojenga ni hasara kwake. Mnashangaa kwa nini barabara zetu nyingi zina lami na hazina mitaro. Wengine ni wajanja zaidi: wameona kwenye michoro kwamba kiasi cha mwamba kimeandikwa kidogo kuliko uhalisia, basi bei ya kuchimba mwamba wanaiweka juu sana. Mwamba ukiongezeka, na utaongezeka, ndipo wanapopata.

Hilo linamrudisha Pimamaji kwenye hoja yake ya kwanza. Usanifu mbovu ndio unaowapa hao mlango.

---

Mzabuni

Karani, kuhusu kupandisha bei za mwanzo, ni kweli wengi tunafanya hivyo kwa kiasi. Tusiite wizi wote. Anayejua kwamba hati ya 4 haitalipwa kwa wakati anajaribu kupata mtaji wake kwenye hati ya 1. Nilipe kwa siku 56 nami nitakuandikia bei iliyonyooka.

---

Timazi

Nimesikia, na sehemu kubwa nakubali. Ila nina swali kwa wote: kwa nini fedha hazipo? Mkataba ulisainiwa na serikali yenye wizara ya fedha. Nani alisaini bila fedha?

---

Karani wa Hati

Hapo ndipo penye kidonda. Mkataba ni wa miaka 3, bajeti ni ya mwaka mmoja. Kila mwaka unaomba upya. Mwaka wa kwanza mradi unapewa fedha za kutosha uzinduzi. Mwaka wa pili miradi mipya imeingia na kila eneo linataka wake, keki ile ile inakatwa vipande vyembamba zaidi. Hakuna mradi unaofutwa, maana kufuta ni aibu ya kisiasa. Wote wanapewa kidogo, na hakuna unaokamilika.

Martin Williams alichambua miradi ya serikali za mitaa nchini Ghana na matokeo yakatoka 2017. Karibu theluthi moja ya miradi inayoanzishwa haimaliziki kabisa, na inameza karibu moja ya tano ya fedha zote za uwekezaji za serikali hizo. Hoja yake ni kwamba ufisadi hautoshi kueleza hali hiyo. Waamuzi wanashindwa kudumu kwenye makubaliano ya mwaka jana kuhusu ni mradi upi umaliziwe kwanza. Nilipoisoma niliwaza madarasa yasiyo na paa ambayo nimeyapitisha mwenyewe kwenye karatasi.

Kama ningepewa uwezo wa kubadilisha jambo moja, ningepiga marufuku kuanzisha mradi mpya mpaka hati zote zilizoidhinishwa za miradi inayoendelea ziwe zimelipwa. Ningeanza na hilo kabla ya chombo kipya au sheria mpya.

---

Pimamaji

Naunga mkono kwa mikono miwili. Na matengenezo yahesabiwe kabla ya mradi mpya pia. Benki ya Dunia iliandika mwaka 1994 kwamba matengenezo ya wakati ya dola bilioni 12 yangeokoa dola bilioni 45 za kujenga upya barabara za Afrika katika muongo uliotangulia. Kuziba ufa wa lami na kuzibua kalavati hakuna utepe wa kukata, ndiyo maana kunakosa mtetezi bungeni.

Mtu aliniuliza pembeni kama kuna nchi inayoendelea iliyofanya vizuri. Zipo. Treni ya mjini ya Delhi: kampuni yake ilisajiliwa 1995, kipande cha kwanza kikafunguliwa Desemba 2002, na awamu ya kwanza, kilomita 65 hivi, ikamalizika kabla ya muda uliopangwa. Iliongozwa na E. Sreedharan, mhandisi wa reli, na jambo ambalo watu wa taaluma hulitaja ni kwamba alikuwa na mamlaka ya kuamua bila kila karatasi kupanda wizarani na kushuka. Linganisha na miezi yangu 7 ya udongo mweusi. Wahandisi wa India na wa kwetu wamesoma vitabu vile vile, kwa hiyo elimu siihesabu. Kilichotofautiana ni idadi ya meza ambazo karatasi inapita.

---

Kinda wa Saiti

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mhandisi mwenye miaka 2 kazini. Nimepangiwa kuwa msaidizi wa mhandisi mkazi kwenye barabara mpya, naripoti wiki ijayo. Mambo ya bajeti na bunge siwezi kuyabadilisha. Naomba kujua mtu wa ngazi yangu anaweza kufanya nini ili mradi usiharibikie mikononi mwake.

---

Pimamaji

Marahaba mwanangu, swali zuri kuliko yote.

Anza na shajara ya saiti. Iandike kila siku bila kuruka, hata siku ambayo hakuna kilichofanyika, tena hasa siku hiyo. Andika mitambo iliyopo na ipi inafanya kazi, idadi ya watu, hali ya hewa, maelekezo yaliyotolewa na nani, na kipande gani kilikuwa hakijakabidhiwa. Mdai wa muda wa nyongeza atakuja baada ya miezi 10 akisema mvua zilimzuia siku 60. Ukiwa na kipima mvua chako na rekodi ya kila asubuhi mtazungumza kwa hesabu. Usipokuwa nayo mtazungumza kwa sauti. Na siku 28 ambazo mkandarasi anapewa kutoa taarifa ya madai ziwe kichwani mwako. Akizipitisha, kwenye toleo la 1999 la FIDIC anaweza kupoteza haki yake. Lakini usimvizie. Mkumbushe, maana mgogoro unaofichwa hukua.

Vipimo vya kazi mchukue pamoja, wewe na mtu wa mkandarasi, siku ile ile kazi inapofanyika, na wote wawili msaini. Hati nyingi zinachelewa mezani kwa mhandisi kwa sababu watu wanabishana kuhusu mita ambazo zilishafunikwa. Ukiwa na karatasi zilizosainiwa, hati ya mwezi unaipitia kwa siku 3. Hapo umeokoa siku 25 bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kitakachofunikwa kipimwe kabla hakijafunikwa. Usikubali kabisa kauli ya "tumeshamwaga, utaangalia vipimo baadaye". Nondo zihesabiwe kwa mkono kabla ya zege. Mshindilio upimwe kabla tabaka linalofuata halijaletwa, na chagua wewe mwenyewe mahali pa kupima. Usimwachie fundi akuongoze kwenye sehemu ambayo mtambo ulipita mara nyingi zaidi. Angalia maji pia. Kifusi kikavu hakishikani hata ukikipitia mara 20, na kikilowa kupita kiasi kinateleza chini ya mtambo kama mto wa kulalia. Kuna kiasi kimoja cha maji ambacho maabara itakupa, na bowsa la maji likiharibika kazi ya kushindilia isimame, hata kama msimamizi wa mkandarasi anakuomba kwa machozi.

Zege upate sampuli zake. Zinapondwa siku ya 7 ili upate dalili mapema, na siku ya 28 ndiyo hukumu. Nilifika saiti moja nikakuta sampuli zinatengenezwa kwa mchanganyiko wa pekee uliokuwa na saruji nyingi, wakati nguzo zinamwagwa mwingine. Tangu hapo sampuli nachukua kwenye toroli lililo njiani kuelekea kwenye fomu (kiunzi cha kumwagia zege), na natia alama yangu nikiwa nimesimama pale.

Ukikutana na kitu ambacho mchoro haukukisema, andika siku hiyo hiyo, piga picha yenye kipimo ndani yake, na pendekeza suluhisho pamoja na gharama. Barua inayosema "kuna tatizo" inazunguka miezi. Inayosema "kuna tatizo, njia ni hizi 2, mimi napendekeza ya pili, gharama yake ni hii, tukisubiri mvua gharama itakuwa hii" inapata saini haraka zaidi. Nimeijaribu mara nyingi baada ya lile bwawa langu.

Mengine utayajua ukiwa huko.

---

Timazi

Niongeze moja kwa kijana. Usipokee kitu kutoka kwa mkandarasi, hata lifti ya kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Gari lako likiharibika, panda basi. Siku utakayomkatalia tabaka atakukumbusha lifti ile.

---

Ukingoni

Mwanangu Kinda, mimi nina ombi. Ukifika huko, kabla ya kuweka makalavati, waulize wenyeji maji ya mvua kubwa yanafika wapi. Hapa kwetu walikuja na karatasi zao wakati wa kiangazi, wakaweka bomba dogo mahali ambapo kila mtoto anajua mto unapita. Msimu wa kwanza maji yakaruka juu, yakakata barabara, yakaingia kwa watu. Hakuna aliyetuuliza, na sisi hatukujua tumwambie nani.

---

Pimamaji

Kinda, msikilize mama. Rekodi za mvua na mito nyingi ni fupi, wakati mwingine mtambo wa kupimia uliharibika miaka iliyopita na msanifu akakisia. Mzee aliyezaliwa pale ana miaka 60 ya rekodi kichwani. Mwombe akuonyeshe kwa mkono maji yalifika wapi, kwenye mti gani, kwenye ukuta gani. Piga alama kwa rangi, ichukulie kimo kwa mashine yako ya kupimia, kisha linganisha na kimo cha juu cha kalavati kwenye mchoro. Fanya hivyo kwa kila mkondo unaokatiza barabara, ndani ya wiki 2 za kwanza, kabla mkandarasi hajaagiza mabomba. Mabomba yakishaagizwa, kila badiliko linakuwa dai.

---

Kinda wa Saiti

Nashukuru sana wakubwa. Kwenye michoro yangu kuna makalavati 31. Nimeshachapisha orodha yao na nimeacha safu tupu pembeni kwa ajili ya alama za wenyeji. Naanza na namba 1 Jumanne.